Tamko "Anti" na Adabu ya Kupinga

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Katika darasa letu la baada ya Alasiri hapa Mbwajumali, kijana mmoja aliyerudi likizo kutoka skuli ya sekondari alituletea suala ambalo hatukulitazamia. Alisema: "Sheikh, wenzangu skulini waniuliza kama sisi wa darasa hili ni anti-maulidi. Niwajibu nini?" Baadhi ya wanafunzi walicheka, na mmoja wao akamwambia upesi upesi, "Waambie naam, ndio sisi hao." Sisi hatukucheka wala hatukujibu, tulitaka muhula wa juma moja. Kwani tuliona kwamba suala hili lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni la lugha: nini maana ya tamko hili? La pili, nalo ndilo zito, ni la dini na tabia: je, yamfalia Muislamu ajulikane kwa kile akipingacho? Haya tuyaandikayo leo ndiyo jawabu tuliyompa, na tumeyapanua kidogo ili ndugu zetu wa Faza, Kizingitini, Tchundwa, Siyu, Pate na Amu nao wayapime.

Tuanze na lugha. Tamko "anti" asli yake ni la Kiyunani, na Waingereza walilipokea pamoja na maneno mengi ya elimu. Halisimami peke yake. Huwekwa mwanzoni mwa neno jingine, likalifanya kuwa kitu chenye kupigwa vita. Dawa tutiayo katika kidonda ili kuua vijidudu huitwa antiseptiki, na ile tumezayo ili kuua bakteria mwilini huitwa antibiotiki. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, iliyoundwa hapa Kenya mwaka 2011, katika jina lake la Kiingereza mna tamko hili hili. Na mfasiri wa Kiswahili hakuweza kulileta kwa silabi mbili, akalazimika kusema "kupambana na".

Hapa yafaa tuonye juu ya kosa moja ambalo wanafunzi wengi huliingia. Liko tamko jingine, "ante", lenye herufi e mwishoni, nalo ni la Kilatini, na maana yake ni "kabla". Jina la Kiingereza la kliniki ya wajawazito huanza kwa hilo, kwa kuwa ni matunzo ya kabla ya kuzaa. Wala hapana mwenye akili atakayesema kliniki ile yapinga kuzaa. Na herufi AM tuzionazo katika saa za simu zetu ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye tamko hilo, maana yake "kabla ya adhuhuri". Herufi moja yatosha kumpeleka mtu mbali na maana. Hata hivyo wataalamu wa lugha wasema kwamba matamko haya mawili, kama mtu akiyafuata nyuma sana, yatoka katika shina moja, na maana ya shina hilo ni upande wa mbele, au paji la uso. Basi kupinga, katika asli yake, ni kumkabili mtu uso kwa uso. Si kumsengenya nyuma ya mgongo wake.

Na katika Kiyunani tamko hili lilikuwa na maana zaidi ya moja. Lilikuwa na maana ya "mkabala wa", na maana ya "badala ya", na maana ya "dhidi ya". Waingereza katika matumizi yao wameishika zaidi ile ya tatu, nasi tulioyapokea maneno yao tumeipokea hiyo hiyo. Twamwomba msomaji aiweke akilini ile maana ya pili, yaani "badala ya", kwani tutarudi kwayo, na huko ndiko ziliko faida za maneno haya.

Sasa tutazame lugha yetu. Kiswahili hakina tamko dogo kama hili la kubandika mwanzoni mwa neno. Lakini kina njia zake, na kila njia ina funzo.

Njia ya kwanza ni neno "dawa ya". Sisi husema dawa ya homa, dawa ya kikohozi, dawa ya mbu. Wazee wetu hawakuona haja ya kusema "dawa dhidi ya homa", ingawa siku hizi maneno kama hayo yasikika. Kila mtu hufahamu kwamba dawa ya homa yaipinga homa. Lakini mwenye kusema "dawa" amekwisha kumkumbuka mgonjwa. Na mwenye kusema "dhidi" amekumbuka ugonjwa peke yake.

Njia ya pili ni ile ya kugeuza mwisho wa kitendo: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, funika na funua. Hapa lugha yatufunza kwamba kinyume cha kitendo nacho ni kitendo, chataka mkono na chataka ujuzi. Kila mvuvi wa kisiwa hiki ajua kwamba asiyelijua fundo hawezi kulifungua. Mwisho wake hulikata, na kamba ikaharibika.

Njia ya tatu ni neno "kubisha". Kubisha ni kukataa maneno ya mtu. Na kwa mabaharia, kwenda bisho ni kukiendesha chombo kwa upepo wa mbele. Nahodha aliyetoka Amu akitaka kufika Faza na upepo wamjia usoni, hasimami akashindana nao, wala hageuzi tanga akarudi. Huukata upepo kwa ubavu, mara huku mara huku, akautumia upepo ule ule unaomzuia. Na tazama: nahodha huyu hana chuki na upepo. Anayo bandari. Lau si bandari, bisho lake lingekuwa ni kuzunguka baharini tu mpaka maji ya kunywa yakamwishia.

Hizi ndizo njia za lugha. Na katika ilimu ya mantiki, ambayo wanavyuoni wetu huisoma kabla ya kuingia katika usuli, liko jambo ambalo laiti watu wangelijua, ugomvi mwingi wa miji yetu ungekwisha. Wanavyuoni wametenga baina ya vitu viwili: naqidhi na dhidi. Naqidhi mbili haziwezi kukutana pamoja wala haziwezi kutoweka pamoja, kama kuwako na kutokuwako: chombo ama kiko bandarini ama hakiko, hapana jambo la tatu. Ama dhidi mbili, hizo haziwezi kukutana pamoja, lakini zaweza kutoweka pamoja, kama weupe na weusi: nguo haiwezi kuwa nyeupe yote na nyeusi yote kwa wakati mmoja, lakini yaweza kuwa si nyeupe wala si nyeusi, ikawa ni nyekundu.

Kiswahili chetu kimeihifadhi tofauti hii bila ya kusoma mantiki. Twasema "hapendi", na twasema "achukia". Twasema "si rafiki yake", na twasema "ni adui yake". Mtoto mdogo ajua kwamba si kila asiyekuwa rafiki ni adui. Wengine ni wageni, na wengine ni majirani wasiojuana sana. Lakini mtu mzima akishikwa na hamaki huisahau tofauti hii, akaifanya kila dhidi kuwa ni naqidhi. Husema: asiyekuwa pamoja nasi ni mpinzani wetu. Hukumu hii ni kosa katika akili kabla ya kuwa kosa katika dini.

Na madhara yake sisi watu wa upande huu wa pwani tumeyaona kwa macho. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, katika vita vya Shifta, Wabajuni wengi waliviacha vijiji vyao vya bara na mashamba yao wakahama, kwani palipokuwa na pande mbili zenye silaha, mkulima asiyekuwa na upande hakupata pa kusimama. Na katika mwezi wa Juni mwaka 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa kwa dhulma katika Mpeketoni na vijiji vya jirani, na baada yake amri ya kutotoka usiku ikawekwa katika kaunti ya Lamu. Kumuua asiyekuwa na hatia ni haramu kwa nassi za Qurani, na twalisema hili bila ya kutafuna maneno. Lakini tazama hali ya mtu wa kawaida katika siku kama zile. Akisema kwamba mauaji ni haramu, wako watakaomwambia kwamba apinga dini. Akisema kwamba jirani yake aliyechukuliwa hana kosa, wako watakaomwambia kwamba apinga serikali. Yeye hakupinga hiki wala kile. Alichosema ni haki mara mbili. Lakini tamko limekwisha kubandikwa mbele ya jina lake, na tamko likishabandikwa, watu hawasomi tena kilichoandikwa nyuma yake.

Ndipo tukafahamu hekima ya Mwenyezi Mungu katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, alipotukataza kuitana kwa majina ya kubandikana. Wengi huidhani aya hii kuwa yahusu majina ya kuchekeshana, kama kumwita mtu kilema au mfupi. Naam, hayo yamo. Lakini na haya yamo: huyu ni Wahabi, huyu ni mzushi, huyu ni mpinga Mtume, huyu ni mwabudu makaburi. Ni majina ambayo mwenyewe hakujiita, na hubandikwa ili asisikilizwe.

Ikiwa mtu atatuuliza: "Je, dini yetu si imejengwa juu ya kupinga? Na kalima yenyewe si yaanza kwa kukanusha?" Twamjibu: Umesema kweli, lakini umesema nusu. Laa ilaha illa Llah yaanza kwa "laa", na wanavyuoni wameiita sehemu hiyo nafyi, yaani kukanusha. Lakini baada yake yaja "illa", nayo ndiyo ithbati, kuthibitisha. Mwenye kuisoma nusu ya kwanza akanyamaza hakuwa Muislamu. Amekanusha kila kitu na hakuthibitisha chochote, na hayo ndiyo maneno ya wasioamini kuwa Mungu yuko. Kadhalika katika sura ya Al-Baqara, aya ya 256, Mwenyezi Mungu amemsifu mwenye kumkataa taghuti na akamwamini Yeye, kuwa ameshika kishikio kisichokatika. Wala hakumsifu kwa kukataa peke yake. Na kuamrisha mema kumetajwa mbele ya kukataza maovu katika aya nyingi, si kwa kubahatisha. Hata huyo Dajali, ambaye Wakristo wamemwita Mpinga Kristo, yaani wamemjulisha kwa yule ampingaye, sisi twamwita kwa sifa yake mwenyewe, nayo ni uwongo na udanganyifu. Dini yetu hutazama kitu ni nini kwanza.

Sasa tuingie katika tarikhi yetu wenyewe, ili tuone ni nini huwapata watu wanapokubaliana katika kupinga, na hawakufikiri ni kitu gani watakachokiweka badala.

Karibu na mwaka 1813, majeshi ya Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa yaliteremka Shela ili kuitwaa Amu. Watu wa Amu walipigana wakashinda, na ushindi wao ulikuwa mkubwa. Lakini hofu ya Pate na Mombasa haikuwatoka. Shauri lao lote lilikuwa ni namna ya kumpinga Pate; na kwa ajili ya hayo wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said wa Omani, wakamwomba ulinzi, naye akawaletea liwali na askari. Haukupita muda mrefu, Pate nayo ikaingia chini ya mkono wa huyo huyo, na mwaka 1837 utawala wa Wamazrui katika Mombasa ukaisha. Basi Amu alimpinga Pate, na Pate alimpinga Amu, na mwisho wa mambo wote wawili walikuwa chini ya mtawala mmoja. Siyu chini ya Bwana Mataka iliendelea kukataa, na damu nyingi ikamwagika, na mwisho Siyu nayo ikashindwa. Hatusemi haya ili kuwalaumu wazee waliokwisha kutangulia. Kila mtu huiona hatari iliyo mbele ya mlango wake. Lakini funzo liko wazi: mwenye kujua ampingaye tu, na asijue alitakalo, humfungulia mlango mtu wa tatu.

Na katika zama za karibu, waliopigania uhuru wote walikuwa wapinga ukoloni, na kwa neno hilo walikuwa kitu kimoja. Mkoloni alipoanza kufunga mizigo yake, ilidhihiri kwamba baadhi yao wataka serikali moja yenye nguvu, na baadhi wataka majimbo, na hapa Mwambao wako waliotaka ukanda wa maili kumi uwe na mambo yake peke yake. Neno la kupinga liliwakusanya kwa muda. Neno la kujenga lilikuwa bado halijaandikwa.

Lakini wako waliopinga kwa njia iliyo bora, na hao yatupasa kuwafuata. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka kufa kwake mwaka 1947, aliandika katika Sahifa mwaka 1930 na katika Al-Islah mwaka 1932 maneno makali ya kukataza uvivu, na uzushi, na kuwaiga Wazungu katika yasiyokuwa na faida. Lakini hakukoma katika kukataza. Aliwaandikia watoto vitabu vya kusomea dini yao kwa Kiswahili, na akawasomesha wanafunzi ambao baadaye walikuja kuwa makadhi na walimu.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa mwanafunzi wake, Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Mwaka 1953 ilitoka tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Makadiani, na kabla yake, mwaka 1923, ilikuwa imetoka ile ya padri Dale wa Unguja. Wanavyuoni waliona mna makosa mazito. Kupiga kelele kulikuwa ni jambo jepesi, na kuwakataza watu wasizisome kulikuwa ni jepesi zaidi. Lakini Mswahili asiyejua Kiarabu alikuwa na kiu ya kukifahamu kitabu cha Mola wake, na kiu haiondoki kwa kukatazwa maji. Sheikh Abdulla alizijibu zile tafsiri, naam. Kisha akaketi miaka mingi akafasiri yeye mwenyewe, mpaka Qurani Takatifu yake ikatoka nzima mwaka 1969. Leo nyumba nyingi za mwambao huu zina msahafu ule. Hii ndiyo ile maana ya pili tuliyomwomba msomaji aihifadhi: si dhidi ya tu, bali badala ya.

Baada ya haya, ndugu zetu, ni haki tujitazame na sisi, kwani mwenye kuwapimia watu kwa mizani na yeye mwenyewe asipimwe amekosa uadilifu.

Sisi wa darasa hili twaona kwamba katika mikusanyiko ya maulidi yameingizwa mambo yasiyokuwa na asli, na gharama zinazowaelemea maskini, na mchanganyiko usiofaa. Tumelisema hili na tutalisema. Lakini je, tumesema pia yaliyo ya haki kwa upande wa pili? Habib Swaleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha huko Amu, aliwafungulia milango ya ilimu watu wa tabaka la chini na waliotoka utumwani, wakati ambapo wenye vyeo wengi walikuwa wakiwafungia. Jambo hili ni katika islahi, na mwenye kulificha kwa kuwa hakubaliani na dufu amedhulumu. Mwenyezi Mungu ametuonya katika sura ya Al-Maida, aya ya 8, kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha kufanya uadilifu.

Kisha tujiulize: pale tulipofaulu kuyasimamisha maulidi katika msikiti wetu, tuliweka nini badala yake? Watoto wa zamani waliijua nasaba ya Mtume (S.A.W.), na jina la mama yake mlezi, na safari zake, kwa kuwa walizisikia katika visomo vile, hata kama pamoja na hayo walisikia na yasiyosihi. Watoto wetu wa leo tumewauliza, na wengi hawajui. Na usiku ambao zamani watu walikusanyika, sasa vijana wako barazani na muguka. Hatusemi kwamba kule kusimamisha ndiko kulikoleta muguka. Twasema kwamba tulifunga mlango na hatukufungua mwingine, na nyumba isiyokuwa na mlango huingiliwa dirishani.

Na liko jambo zito kuliko hilo, nalo twalisema kwa haya. Mwaka jana alifariki mtu mmoja wa mji huu, mwema, mwenye kusali jamaa. Baadhi yetu hatukwenda mazikoni kwake, kwa kuwa tulijua patasomwa hitima baadaye, nasi hatukutaka kuhisabiwa pamoja nao. Kulifuata jeneza la Muislamu ni katika haki tano zilizokuja katika hadithi sahihi, na hitima ilikuwa ni jambo jingine la siku nyingine. Tungaliweza kuzika tukaondoka. Lakini lile jina la "wapinzani" tulilokuwa tumelipenda lilitusahaulisha kwamba kabla ya kuwa wapinzani tulikuwa Waislamu na majirani.

Katika juma lile la muhula tulikwenda kwa mwalimu mmoja mzee, aliyesoma Barzanji kwa miaka zaidi ya 40, na ambaye hapana katika mji huu aijuaye sira kwa moyo kama yeye. Tulimwomba awasomeshe watoto wetu sira, usiku wa Ijumaa baina ya Magharibi na Isha, kwa kitabu kitakachokubaliwa na pande zote. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza suala moja tu: "Wanangu, siku ile tulipomzika ndugu yangu, mlikuwa wapi?" Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba radhi. Akasema ametusamehe, na kuhusu darasa atafikiri. Mpaka tuandikapo haya hajatupa neno, nasi hatuna haki ya kumharakisha.

Imepokewa kwamba Abdullahi bin Masud (R.A.) hakuafikiana na Sayyidna Uthman (R.A.) kwa kusali rakaa nne huko Mina, akaona Sunna ni mbili. Alilisema wazi. Kisha akasali nyuma yake nne. Alipoulizwa, alijibu kwa maana ya kwamba kufarikiana ni shari. Huyu alipinga, na uso wake ulikuwa mbele. Hakuficha rai yake, wala hakuvunja safu.

Basi jawabu tuliyompa yule kijana ni hii. Wenzako wakikuuliza kama sisi ni anti-maulidi, usiseme naam, wala usiseme la. Sema: sisi twataka Mtume wetu ajulikane, na apendwe, na afuatwe, na katika njia za kulipata hilo, ziko tuzionazo zasihi na ziko tuzionazo hazisihi. Na kila utakapotaka kupinga jambo, jipime kwa masuala matatu. Je, niko tayari kulisema hili mbele ya uso wa mwenyewe? Je, nimetenga baina ya asiyeafikiana nami na adui yangu? Na je, nikikiondoa hiki, mkononi mwangu mna kitu gani cha kuweka badala? Ukipata jawabu njema kwa yote matatu, pinga, na Mwenyezi Mungu atakuwa pamoja nawe. Ukikosa la tatu, ngoja kwanza, ukatafute.

Yule mwanafunzi aliyejibu upesi siku ile ya kwanza aliinua mkono akauliza: "Sheikh, na maovu yaliyo dhahiri, kama dawa za kulevya zinazowaua vijana wetu, nayo tungoje mpaka tuwe na badala?" Suala hili ni zuri, nasi twalijibu hapa kama tulivyolijibu pale. Maovu yaliyo dhahiri hukatazwa papo hapo, kwa mkono kwa mwenye uwezo, au kwa ulimi, au kwa moyo, kama ilivyokuja katika hadithi. Mtu azamaye hangojwi mpaka ipatikane nguo kavu. Lakini akishatolewa majini, asiyempa nguo kavu hakuimaliza kazi. Kijana aliyeachishwa unga na asipewe kazi, wala rafiki, wala mahali pa kukaa jioni, atarudi kule kule alikotoka. Ndiyo maana wazee wetu walisema dawa ya, wasiseme dhidi ya.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuondoa ubaya kwa jambo lililo jema zaidi, azitakase nyoyo zetu na kupenda kushinda, na amrehemu marehemu ambaye hatukumzika, atusamehe na sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq.